Kusoma Kinamasi cha Chumvi: Mwongozo Kamili wa Kufuata Virutubishi Kati ya Maji, Tope na Mizizi

Simama kwenye ukingo wa hori, ule mkondo wa maji ya bahari unaopenya kinamasini, maji yakiwa yamekupwa, utazame nyasi. Katika vinamasi vya chumvi, yaani ardhi za tope na nyasi zinazofunikwa na maji ya bahari, vya pwani ya mashariki ya Marekani, ambako nyasi inayotawala ni Spartina alterniflora, zile zilizo ukingoni zinaweza kukufika kifuani. Piga hatua ishirini kuelekea ndani na nyasi ileile haipiti goti, rangi imepauka, shina limekonda. Aina ni moja, jua ni moja, bahari inayowanywesha ni moja. Anayeweza kueleza tofauti hiyo ameshaelewa sehemu kubwa ya safari ya virutubishi, hasa naitrojeni na fosforasi, kinamasini. Aliyebaki na michoro ya mishale ya vitabuni bado hajafika.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuisoma tofauti hiyo kwa mikono yake. Hatua za mwanzo zinahitaji koleo, kamba, vigingi na subira. Za mwisho zinahitaji vipimo vya maji. Nimezipanga kwa mfuatano ninaoufuata mwenyewe, kwa sababu nilipoanza nilikimbilia chupa za sampuli na nikapoteza msimu mzima nikiwa na namba nisizojua zimetoka kwenye tope la namna gani.

Jambo moja kabla ya kuvaa buti. Watu wengi huja na swali: je, kinamasi kinameza virutubishi au kinavitoa? Swali hilo lina jibu, lakini jibu lake hubadilika kwa msimu, kwa hori na kwa kirutubishi kimoja hadi kingine. Swali linalozaa zaidi ni hili: kinabadili nini kuwa nini, mahali gani, na maji yakiwa kwenye hali gani? Hatua zote zilizo hapa zinalifuata hilo.

Hatua ya 1: Soma jedwali la maji kujaa na kupwa kabla ya ramani

Katika pwani nyingi maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku ya mwezi (takriban saa 24 na dakika 50), kwa hiyo kutoka kujaa kumoja hadi kujaa kwingine hupita takriban saa 12 na dakika 25. Juu ya mpigo huo kuna mwingine mrefu zaidi: bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, mwezi unapokuwa mpevu au mwandamo, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, katikati yake. Kutoka bamvua hadi bamvua ni karibu siku 15.

Kwa kinamasi, mipigo hii miwili ni kalenda mbili tofauti. Sehemu ya chini, iliyo karibu na hori, huoga mara mbili kwa siku. Sehemu ya juu inaweza kukaa wiki nzima bila kuonja bahari, kisha ikafunikwa siku chache za bamvua. Ukichukua sampuli sehemu zote mbili siku moja ukazilinganisha kana kwamba zina historia moja, umeshakosea kabla hujafungua chupa.

Andika kwenye daftari: tarehe, saa ya maji kujaa na kupwa, kimo kilichotabiriwa, na siku ngapi zimepita tangu bamvua ya mwisho. Andika pia upepo na mvua. Upepo wa kutoka baharini husukuma maji juu kuliko jedwali linavyosema, na mvua kubwa husuuza chumvi ya juu ya tope.

Na la usalama: maji yanapoanza kujaa hayaji kwako kutoka mbele. Hupanda kwanza kwenye hori na vihori, ambavyo huenda umeshavivuka, kisha yanakuzunguka kwa nyuma. Ingia yakiwa bado yanapwa, na panga kutoka kabla hayajageuka. Usiende peke yako.

Hatua ya 2: Nyoosha mstari kutoka hori hadi nchi kavu

Chagua mstari unaoanza ukingoni mwa hori na kuishia pale ambapo mimea ya nchi kavu inaanza. Piga kigingi kila mita 5, na katika mita 10 za kwanza piga kila mita 2, kwa sababu hapo mambo hubadilika haraka. Tumia njia moja ya kutembea kila mara na uweke ubao wa kukanyaga. Nyayo hukandamiza tope, na tope lililokandamizwa halipitishi maji kama mwanzo. Ukikanyaga ovyo, baada ya miezi mitatu utakuwa unapima athari za buti zako.

Sasa pima kimo cha ardhi kwenye kila kigingi. Usihofu vyombo vya gharama. Mpira mwangavu uliojazwa maji, ule ambao mafundi ujenzi hutumia kusawazisha msingi, unatosha kabisa. Utashangaa jinsi tofauti zilivyo ndogo: sentimita 20 zinaweza kutenganisha mimea inayofunikwa kila siku na ile inayofunikwa kwa bamvua tu.

Mara nyingi utakuta ukingo wa hori umeinuka kidogo kuliko nyuma yake. Maji yanapofurika ukingoni hukutana na mashina, mwendo unapungua, na chembe nzito zinaangushwa hapo hapo. Chembe hizo hubeba fosforasi iliyoshikana na udongo na chuma. Hii ndiyo kazi ya kwanza ya mimea katika mzunguko mzima, nayo haina kemia yoyote: mashina yanapunguza kasi, maji yanatua mzigo.

Andika mimea iliyo kwenye kila kigingi, urefu wake, na idadi ya mashina katika fremu ya sentimita 50 kwa 50. Kwenye vinamasi vya Ulaya utakutana na nyasi ya Puccinellia maritima na kichaka kifupi cha Atriplex portulacoides; sehemu nyingi duniani utakuta Salicornia, kile kimmea chenye vipingili vilivyojaa maji ya chumvi. Majina yanasaidia, ila urefu na msongamano ndivyo vitakavyokupa habari.

Hatua ya 3: Chimba, ufungue tope kwa mikono

Hapa usiwe na haraka. Ningelazimishwa kubakiza hatua moja tu, ningebaki na hii.

Chukua koleo jembamba, kata bonge la kina cha sentimita 30 kwenye ukingo wa hori na jingine hatua ishirini ndani. Yalaze kwenye karatasi nyeupe ya plastiki na uyapasue kwa mikono, usiyakate kwa kisu. Kisu hupaka rangi ya tabaka moja juu ya jingine. Tazama upesi na upige picha, maana rangi hubadilika hewa inapoingia.

Juu kabisa kuna ngozi nyembamba ya kahawia au kijani, milimita chache. Hapo wanaishi mwani na sainobakteria, yaani bakteria wanaotumia mwanga wa jua kama mimea, na baadhi ya sainobakteria hukamata naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula. Chini yake rangi inaelekea kijivu, kisha nyeusi, na harufu ya mayai viza inapanda.

Weusi na harufu hiyo vinasimulia nani anapumua nini. Bakteria wanaovunja mabaki ya mimea wanahitaji oksijeni, lakini oksijeni hupenya kwenye maji kwa kasi ndogo mara takriban 10,000 kuliko hewani, na tope limejaa maji. Kwa hiyo inaisha karibu na uso. Ikiisha, wapo wanaotumia naitreti, yaani naitrojeni iliyoungana na oksijeni, badala yake. Naitreti ikiisha, zamu inakwenda kwa manganizi na kutu ya chuma. Kisha salfati, yaani salfa iliyoungana na oksijeni, na mwisho kabisa wale wanaozalisha gesi ya methani. Kila anayefuata katika foleni hii anapata nguvu kidogo kuliko aliyemtangulia.

Katika kinamasi cha maji baridi foleni hufika mwisho haraka, methani ikatoka kwa wingi. Katika kinamasi cha chumvi hukwama kwenye salfati, kwa kuwa bahari inaileta kila siku: lita moja ya maji ya bahari ya kawaida ina karibu gramu 2.7. Bakteria wa salfati ndio wafanyakazi wakubwa wa tope la ndani, na taka yao ni salfaidi, yaani salfa iliyonyang'anywa oksijeni. Ndiyo harufu uliyoisikia. Ikikutana na chuma hutengeneza ule weusi, na baada ya muda sehemu yake hugeuka kuwa piraiti, madini ya chuma na salfa, yenye mng'ao wa dhahabu ya uongo.

Sasa angalia mizizi. Kwenye bonge la ukingoni, tafuta mzizi hai, mweupe na mgumu kidogo. Mara nyingi utauona umevaa koti la rangi ya chungwa, kama bomba la maji lililoota kutu. Ni kutu kweli. Mimea hii ina mirija ya hewa inayotoka kwenye majani hadi ncha za mizizi, na oksijeni kidogo huvuja nje. Katikati ya tope jeusi lisilo na hewa, kila mzizi umejizungushia ukanda mwembamba wa nchi nyingine.

Milimita hizo chache ni soko zima. Ndani ya ukanda wa kutu, bakteria wanaibadili amonia, naitrojeni inayotokana na mabaki yanayooza, kuwa naitreti. Naitreti ikisogea nje kidogo, inaangukia kwenye tope lisilo na oksijeni, ambako bakteria wengine wanaipumua na kuiachia kama gesi ya naitrojeni, ileile inayofanya asilimia 78 ya hewa. Hiyo ndiyo njia ambayo kinamasi huondoa kabisa mbolea iliyozidi majini, na inahitaji sehemu yenye oksijeni na isiyo nayo zikae ubavu kwa ubavu. Tope lenye hewa tupu haliwezi, na tope lisilo na hewa kabisa haliwezi mpaka liletewe naitreti kutoka nje. Matundu ya kaa yanafanya kazi hiyohiyo kwa ukubwa zaidi. Pasua moja na utaona kuta zake zina rangi ya kahawia hadi chini.

Koti la kutu linashika pia fosfati, ile sura ya fosforasi ambayo mimea huinyonya. Lakini salfaidi inapokishambulia chuma na kukigeuza kuwa kile kitu cheusi, fosfati inaachiliwa. Kwa hiyo fosforasi haiwi adimu sana katika tope la chumvi, na mara nyingi kinachowabana mimea ni naitrojeni.

Kwa kumbukumbu inayodumu kuliko macho, chomeka vipande vya chuma cha kawaida, kisichopakwa rangi wala zinki, kina cha sentimita 40, kwenye kila kigingi. Vichomoe baada ya wiki nne. Pale oksijeni ilipofika pana kutu ya chungwa. Chini yake pana weusi au kijivu. Pima kina cha kutu kwa rula. Ni kipimo duni, lakini kinajumlisha mwezi mzima wa maji kujaa na kupwa, kitu ambacho picha ya siku moja haikupi.

Hatua ya 4: Rudi kwenye nyasi fupi na ndefu

Ukiwa na mabonge mawili mbele yako, fumbo la mwanzo linaanza kufunguka.

Maji yanapokupwa, tope la ukingoni linachuruzika. Kaa pembeni ya hori saa moja baada ya ukingo kufichuka na utaona maji yakitoka kwenye ukuta wa tope, matone kwa matone, mengine yakifuata matundu ya kaa. Nafasi yaliyoiacha inajazwa na hewa. Maji yanaporudi yanaleta salfati na chembe mpya, na yanaondoa salfaidi iliyokusanyika. Ukingo unapumua mara mbili kwa siku.

Hatua ishirini ndani hakuna mteremko wa kuchuruzishia. Maji husimama, hupungua kwa kuvukizwa na jua na kwa kunyonywa na mimea, na chumvi hubaki. Salfaidi inakusanyika. Na hapa ndipo penye ujanja wa jambo lenyewe: ukipima amonia katika maji ya ndani ya tope hilo, mara nyingi utakuta ni nyingi kuliko ukingoni. Nyasi fupi inakufa njaa mezani pameandaliwa.

Sababu ni kwamba kunyonya amonia kunahitaji nguvu, na mzizi ulioko kwenye salfaidi bila oksijeni ya kutosha hauna nguvu hiyo. Pili, mmea unaokaa kwenye chumvi kali lazima ujaze seli zake vitu vya kuzuia maji yasivutwe nje, na mojawapo ya vitu hivyo, glaisini betaini, imetengenezwa kwa naitrojeni. Kwa hiyo mmea ulioko ndani unahitaji naitrojeni zaidi huku uwezo wake wa kuinyonya umepungua.

Mimea nayo inarudisha deni. Nyasi ndefu zina majani mengi, zinasukuma oksijeni zaidi chini, zinavuta maji zaidi kutoka kwenye tope, salfaidi inapungua, zinakua zaidi. Palipo pazuri panazidi kuwa pazuri. Ndiyo maana mpaka kati ya nyasi ndefu na fupi unaweza kuwa mkali kuliko mabadiliko ya kimo cha ardhi yanavyoweza kueleza.

Hatua ya 5: Vuta maji ya ndani ya tope

Chukua mrija mwembamba wa plastiki, ziba ncha, toboa matundu madogo sentimita 10 kutoka chini yake, yafunike kwa kitambaa cha nailoni. Uchomeke, unganisha sirinji, vuta polepole. Mililita chache za kwanza zimwage. Chuja zinazofuata mara moja kwa kichujio cha mikromita 0.45, jaza chupa hadi juu, weka kwenye barafu. Vaa glavu; jasho lina amonia ya kutosha kuharibu sampuli.

Pima amonia, naitreti, fosfati na chumvi. Vipimo vya rangi vya kuchanganya matone vinafaa kujifunzia, mradi viwe vya maji ya bahari, kwa kuwa chumvi huharibu baadhi ya vile vya maji baridi. Kwa salfaidi, karatasi ya asetati ya risasi hugeuka kahawia hadi nyeusi. Si namba kamili, ila hulinganisha vigingi.

Chukua sampuli za kina cha sentimita 5, 10 na 20, kwenye vigingi visivyopungua vitatu, maji yakiwa yamekupwa. Usitarajie kuona naitreti nyingi chini. Ikionekana nyingi, kwanza shuku mrija wako unavuta maji ya juu kupitia ubavuni. Maelezo mengine ni maji ya ardhini yanayotoka nchi kavu, na hayo yakithibitika ni habari kubwa.

Hatua ya 6: Fuata jani lililokufa

Jani la kinamasi haliozi kama la msituni. Kabla ya kukauka mmea huvuta sehemu ya naitrojeni yake na kuihifadhi kwenye mashina yatambaayo chini ya tope. Kinachobaki hukaa kimesimama kwa miezi, na kuvu huanza kukila hapo hapo juu, hewani, kikiloweshwa na umande na maji ya kujaa. Kuna konokono, Littoraria irrorata, anayekwangua majani mabichi na kuyatia vidonda, kisha anakula kuvu anayeota kwenye vidonda hivyo. Ni mkulima wa aina yake, na akizidi anaweza kuimaliza nyasi.

Ili kupima kuoza, kausha majani yaliyokufa, pima gramu 10 kwa kila mfuko wa wavu wenye matundu ya milimita 1, weka mifuko mitano kila kigingi, utoe mmoja mmoja kwa miezi kadhaa. Funga kila mfuko kwenye kigingi kilichozama nusu mita. Mimi mara ya kwanza niliifunga kwenye mashina ya nyasi. Ikaja bamvua na mkeka mzima wa majani makavu yanayoelea, ukapita kama fagio. Nilipata mfuko mmoja kati ya kumi na miwili, nao ulikuwa umechanika.

Kama unataka njia nyepesi, tumia mifuko ya majani ya chai: ya kijani na ya rooibos (chai nyekundu ya Afrika Kusini), iliyozikwa kina cha sentimita 8 kwa siku 90. Ni utaratibu unaotumika nchi nyingi, na hukuwezesha kulinganisha na wengine.

Unaposoma matokeo, usiishie kwenye uzito. Tuseme gramu 10 zimekuwa 6, na naitrojeni imepanda kutoka asilimia 0.8 hadi 1.2. Mwanzo ulikuwa na miligramu 80 za naitrojeni. Sasa unazo 72. Uzito umepungua kwa asilimia 40, naitrojeni kwa 10 tu. Bakteria na kuvu wanaokula jani lenye kaboni nyingi na naitrojeni chache huazima naitrojeni kwenye maji yanayowazunguka. Jani bovu, kwa muda, linashika mbolea badala ya kuitoa, na huyo mdudu anayelila baadaye anapata chakula bora kuliko jani bichi.

Mizizi usiisahau. Nusu au zaidi ya kinachokua katika kinamasi kipo chini ya ardhi, na huko huoza polepole. Zika mifuko ya mizizi pia, sentimita 10 chini.

Hatua ya 7: Kesha kwenye mdomo wa hori

Sasa unaweza kupima kinachoingia na kutoka. Chagua hori yenye mdomo mmoja na eneo unalolijua mpaka wake. Panga watu wa zamu, kwa kuwa mzunguko mmoja unachukua zaidi ya saa 12, na sehemu yake huenda ikawa usiku. Usiku usiuruke: mwani haufanyi usanisinuru gizani, oksijeni hushuka, na mizania ya naitrojeni hubadilika.

Kila saa fanya mambo manne: pima kina cha maji kwenye vijiti vilivyopangwa kukata hori, pima kasi, chukua sampuli katikati ya kina, andika chumvi na joto. Kwa kasi, chungwa linaloelea linatosha. Lina uzito wa kutosha kuzama nusu na upepo haulichezei. Pima sekunde linazotumia kwa mita 10, kisha zidisha kasi kwa 0.85, maana maji ya juu huenda haraka kuliko ya chini. Kasi mara eneo la mkato wa hori ni ujazo kwa sekunde. Mfano: upana mita 4, kina cha wastani mita 0.8, kasi iliyorekebishwa mita 0.25 kwa sekunde. Ni mita za ujazo 0.8 kwa sekunde, yaani lita 800.

Zidisha ujazo wa kila saa kwa kiasi cha kirutubishi cha saa hiyo, kisha jumlisha kuingia peke yake na kutoka peke yake. Chukua mfano rahisi wa hori iliyoingiza na kutoa mita za ujazo 15,000. Naitreti iliingia ikiwa miligramu 0.20 za naitrojeni kwa lita, ikatoka 0.12. Amonia iliingia 0.03, ikatoka 0.05. Kinamasi kimeshika gramu 1,200 za naitreti na kutoa gramu 300 za amonia. Kwa jumla kimebakiza 900.

Usisherehekee bado. Ukikosea ujazo wa kuingia kwa asilimia 10, hesabu inahama gramu 345. Ukikosea wa kutoka kwa kiasi hicho, gramu 255. Makosa mawili yakienda pande tofauti, gramu 600 za 900 zako ni makosa ya chungwa. Tatizo la kazi hii ni kutafuta tofauti ndogo kati ya namba mbili kubwa, na watu wazima na elimu zao wameanguka hapo.

Dawa yake ni chumvi. Mimea na bakteria hawaigusi kwa kiasi cha maana, kwa hiyo chumvi iliyoingia katika mizunguko kadhaa inapaswa kutoka. Fanya hesabu ileile kwa chumvi. Ikija na pengo la asilimia 12, kosa la maji unalijua. Usidai kitu kuhusu naitrojeni kilicho kidogo kuliko hilo.

Hatua ya 8: Soma namba zako ukijua waliotangulia walibishania nini

Mwaka 1962 mwanaikolojia John Teal, akifanya kazi katika vinamasi vya Sapelo Island, Georgia, alikadiria kwamba maji hubeba nje karibu asilimia 45 ya kinachozalishwa na kinamasi. Mwanaikolojia mwenzake Eugene Odum akaikuza fikra hiyo: vinamasi vinalisha bahari. Ilikuwa fikra yenye nguvu, nayo ilisaidia kuokoa maeneo mengi yaliyokuwa yakifukiwa. Kufika 1980, mtafiti Scott Nixon alipozikusanya tafiti zilizokuwepo, picha ilikuwa imechanganyika: vingine vinatoa, vingine vinapokea, vingine vyote viwili.

Kilichojitokeza mara nyingi ni mabadiliko ya sura. Katika kinamasi cha Great Sippewissett, Massachusetts, mtafiti Ivan Valiela na Teal waliandika mwaka 1979 mizania ya naitrojeni iliyoonyesha naitreti ya maji ya ardhini ikinaswa, na naitrojeni ikitoka kwa sura nyingine, zikiwemo amonia na chembe. Ule mfano wa gramu 900 nimeujenga kwa mtindo huo makusudi. Na kumbuka gesi: naitrojeni iliyorudi hewani haipiti kwenye hori. Chungwa haliioni. Hori itakuambia kwamba kitu kimebaki. Haitakuambia kama kimezikwa, kimekuwa jani, au kimepaa.

Je, kinamasi kinaweza kupokea mbolea bila kikomo? Katika vinamasi vya Plum Island, Massachusetts, watafiti wakiongozwa na Linda Deegan waliongeza naitreti kwenye maji yanayojaa kwa miaka 9, na matokeo yakachapishwa 2012. Majani yaliongezeka juu. Chini, mizizi inayoshika tope ilipungua na kuoza kukaongezeka. Kingo za hori zikapasuka na kuporomoka. Ukirudi kwenye foleni ya wapumuaji wa hatua ya 3, inaeleweka: naitreti inawapa bakteria nguvu zaidi kuliko salfati, na mmea uliozungukwa na chakula hauna haja ya kutuma mizizi kukitafuta. Kwa hiyo ukikuta kwenye mstari wako nyasi nzuri mno ukingoni pamoja na nyufa sambamba na hori, chimba uhesabu mizizi kabla ya kusifu.

Hatua ya 9: Rudia, lakini kwa kuchagua

Mzunguko mmoja ni siku moja tu. Angalau rudia hatua ya 7 siku ya bamvua na siku ya maji mafu, katika msimu wa mimea kukua na katika msimu wa kufa. Wakati wa kukua, mimea na mwani hushindania amonia na hori inaweza kuonekana safi. Majani yakishakufa, kilekile kinamasi kinaweza kuanza kutoa.

Kama huna nguvu ya yote hayo, usigawanye nguvu ndogo kwa siku nyingi. Kesha mara mbili tu, bamvua ya msimu wa kukua na bamvua ya msimu wa kufa, hesabu chumvi zote mbili, na siku zinazobaki zitumie kuchomoa vile vyuma vyenye kutu na kuvipima kwa rula, kigingi baada ya kigingi, kuanzia nyasi ndefu hadi fupi.